Sabuni ya mafuta yaliyokaangiwa: juu yanaelea mafuta, chini inawasha mikono, nifanyeje?

SWALI: Habari mtaalam. Nilikuwa na mafuta yaliyokaangiwa, nikaona badala ya kuyamwaga nitengeneze sabuni ya maji ya kufulia. Nilichuja, nikapima lita 1, nikaweka kostiki soda kikombe kimoja kasoro niliyoyeyusha kwenye maji, nikakoroga na mwiko kama dakika 20 afu nikajaza maji. Leo siku ya 2, juu mafuta yanaelea, chini maji yanateleza na yanawasha mikono, povu hamna, harufu ya kukaangia iko palepale. Niongeze kostiki au niongeze mafuta?

JIBU: Usiongeze chochote kwanza dada yangu, na hiyo sabuni usiishike bila glavu wala usiifulie. Angalia vizuri, hapo una mafuta yaliyobaki na kostiki iliyobaki kwa wakati mmoja. Kama kostiki ingekuwa imepungua tu, maji ya chini yasingekuwasha hivyo, na kama ingekuwa imezidi tu, mafuta yangeshaisha. Vyote vipo manake havijakutana! Mafuta na maji ya kostiki havichanganyiki vyenyewe, inabidi uvilazimishe, na mwiko kwa dakika 20 hautoshi, afu ulipojaza maji kabla haijashika ndo ukavitenganisha kabisa.

Hiyo uliyonayo irudishe kwenye sufuria ya stenlesi (alumini usiguse kabisa, kostiki inaila na inatoa gesi ya haidrojeni inayowaka), moto mdogo, vaa miwani na glavu, madirisha wazi, usage kwa blenda ya mkono kidogo kidogo ukipumzisha. Itachukua masaa kwa sababu ya yale maji mengi, ila utaona tabaka la mafuta linapungua mpaka linapotea.

Ukianza upya, jambo la kwanza kabisa ni mizani. Lita 1 ya mafuta sio kilo 1, ni kama gramu 920 hivi, na kikombe cha kostiki ya vipande bapa hakilingani uzito na kikombe cha ile ya chenga, tena kostiki inavuta unyevu hewani, kwa hiyo kikombe hakikuambii kitu. Pima vyote kwa gramu.

Pia kostiki soda, yaani sodiamu haidroksaidi, ni ya sabuni ya kipande. Ukiizimua kwa maji ikipoa inagandaganda na kuvutika. Ya maji inataka potasiamu haidroksaidi, kostiki ya aina nyingine. Kwa kilo 1 ya mafuta ya alizeti au soya, ya kipande unahitaji kama gramu 128 za kostiki soda, hapo nimeshapunguza asilimia 5 ili isiwashe. Ya maji ni kama gramu 205 za potasiamu haidroksaidi ya usafi wa asilimia 90, hapo nimepunguza asilimia 3 tu, maana kwenye sabuni ya maji mafuta yakibaki mengi yanapanda juu. Mawese yanataka zaidi kidogo, kwa hiyo jua kwanza una mafuta gani. Na siku zote kostiki ndo inaenda kwenye maji ya baridi, sio maji kwenye kostiki, ukiimwagia maji inachemka na kuruka usoni.

Unakoroga mpaka ukiinua kijiko matone yanaacha mstari juu kabla ya kuzama. Mafuta yaliyokaangiwa yanafika hapo haraka kuliko mapya, kwa sababu maji ya chakula na ule moto vimeshavunja sehemu ya mafuta kuwa asidi huru, nazo zinashikana na kostiki papo hapo. Kwa hiyo usijidanganye kwamba imekuwa nzito basi imeiva. Ya kipande iache wiki 4 hadi 6, ya maji ipike moto mdogo mpaka iwe jeli inayopitisha mwanga ndo uzimue.

Harufu sasa. Kuchuja kunatoa makombo tu, chumvi na viungo vinabaki. Mafuta yakiwa ya BARIDI, changanya na maji ya chumvi, pasha taratibu huku unakoroga, acha yatulie usiku kucha, maji machafu ya chini uyatoe, rudia mpaka maji yatoke safi. Usimwage maji kwenye mafuta ya moto hata siku moja. Harufu itapungua sana lakini sikuahidi itaisha, na mafuta yaliyokuwa meusi na ya kunata mimi siyatumii kabisa.

Povu dogo ni kawaida ya alizeti na soya, weka mafuta ya nazi robo ya uzito wote wa mafuta (ukokotoe upya, nazi inataka kostiki zaidi). Kama maji yako ni magumu, kalsiamu inaishika sabuni na kuacha utando mweupe kwenye nguo, hapo zimulia kwa maji ya mvua.

Kabla ya kufulia, yeyusha kidogo kwenye maji ya uvuguvugu udondoshee fenolftaleni, dawa ya matone inayogeuka pinki ikikuta kostiki. Ikibaki bila rangi au pinki hafifu tumia, ikiwa pinki kali kostiki bado ipo, ongeza mafuta kijiko kimoja kimoja, pika tena, upime upya.