Kabla hujapanda, fuata kivuli cha ukuta wako

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa msomaji. Sitamtaja, ila maneno yake hayajanitoka kichwani: "Dada, nyanya zangu zimeungua majani kama zilizomwagiwa maji ya moto. Miche kumi na miwili, yote nimeing'oa leo. Nadhani mimi sina mkono wa kupanda." Niliusoma nikiwa nimeketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, na pembeni yangu kulikuwa na beseni la nyanya nilizochuma jioni ileile, katikati ya mvua. Msimu huu nimeshavuna kilo 11 kutoka mashina manne tu, kwenye kijiuwanja cha mita 4 kwa 2.5.

Nilitaka kumjibu palepale. Nikashindwa, kwa sababu jibu lake ni refu na linaanzia mahali ambapo bado panauma.

Mwaka wangu wa kwanza nilianza wakati wa kiangazi. Upande mmoja wa uwanja wangu kuna ukuta wa mita 3, upande wa pili ni nyumba yenyewe. Katikati kuna njia ya saruji, na chini ya ukuta kuna tuta nililolizungushia matofali. Jua lilikuwa linapiga tuta lile tangu asubuhi mpaka saa kumi. Nikasema moyoni, hapa nyanya zitajiotea zenyewe. Nikasia mbegu, nikalea miche kwenye vikopo, na mvua zilipokaribia nikapandikiza miche 14. Kumi na minne! Kwenye tuta ambalo leo nisingeweka zaidi ya mitano. Nilipiga picha kila hatua na kuwatumia watu. Ndugu na marafiki wakanipongeza, wengine wakaweka oda ya nyanya ambazo hazijatoa hata ua.

Mvua zikaja, miche ikarefuka haraka, majani yakashikana. Kitu ambacho sikukiona ni kwamba jua lilikuwa linahama. Kila wiki kivuli cha ukuta kilisogea kidogo kuja upande wangu, na mimi nilikuwa na furaha kiasi cha kutotazama chini.

Jumatatu moja asubuhi niliona doa kwenye jani la chini la shina lililokuwa karibu kabisa na ukuta. Lilikuwa la kijani kilichofifia, kama jani limedondokewa na mafuta. Nikaligeuza. Nyuma yake, pembezoni mwa doa, palikuwa na utando mweupe mwembamba kama unga uliopulizwa. Nikalifuta kwa kidole, nikaenda kazini. Jumatano mashina yalikuwa na michirizi ya kahawia. Jumamosi nyanya mbichi zilikuwa na mabaka magumu ya hudhurungi, na uwanja mzima ulinuka uozo. Sikuvuna hata moja.

Mtu aliyeniuzia dawa alinihakikishia kwamba ile dawa ya shaba ingeponya ndani ya siku tatu. Nilipulizia mara mbili, mikono ikibadilika rangi. Sasa najua kwamba dawa ya shaba hukinga jani ambalo bado ni zima, haifufui lililokwishashikwa. Yeye alipaswa kuniambia. Na siku nabeba mifuko ya majani yaliyooza kwenda kuyatupa, jirani mmoja alisimama akanitazama, akasema, "Mama, sisi hapa mjini tunaishi tu, kilimo kina wenyewe." Nilicheka naye, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Ni miaka imepita, lakini sentensi ile naikumbuka neno kwa neno.

Ugonjwa ule unaitwa bakajani chelewa. Ndio uleule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wengi mno. Kimelea chake, Phytophthora infestans, kinachotaka ni hewa yenye ubaridi na jani linalobaki limelowa kwa saa nyingi mfululizo. Mimi nilikipa vyote viwili kwa mikono yangu: miche imesongamana, kivuli kimefunika tuta, na umande wa usiku unakutwa na mchana bado haujakauka. Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia, mkono wako hauna tatizo lolote. Angalia nyanya zako zilisimama wapi.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, na naomba mnisikilize vizuri. Bustani ya shambani inatawaliwa na mawingu. Bustani ndogo ya mjini inatawaliwa na ukuta. Jua halipiti njia moja mwaka mzima: kati ya Juni na Desemba njia yake angani huhama kwa takriban nyuzi 47, kutoka kaskazini kwenda kusini, kisha hurudi. Kwenye ekari tano hilo unaweza usiligundue. Kwenye uwanja wangu, jua la saa sita mchana likiinama nyuzi 30 kutoka utosini kuelekea nyuma ya ule ukuta wa mita 3, kivuli hufika mita 1.7. Toa hiyo kwenye upana wa mita 2.5 uone kilichobaki. Ni kipande cha sentimita 80, hatua moja tu ya mtu mzima, tena upande wa nyumba ambako sikuwa nimepanda kitu.

Hii sikuisoma popote. Niliijua kwa chaki. Baada ya aibu ile niliacha tuta wazi kwa miezi kadhaa, na kila tarehe 1 ya mwezi nilitoka mara tatu: saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Mahali kivuli kilipokomea nilichora mstari kwenye saruji, na kwenye udongo nikachomeka kijiti. Chaki huoshwa na mvua, kwa hiyo kabla sijaingia ndani nilipima kwa futi ya fundi na kuandika kwenye daftari. Kurasa za mwanzo zina namba tu: 0.4, 0.7, 1.1. Watoto walidhani napima ili nijenge choo. Lakini mwaka ulipotimia nilikuwa na kitu ambacho hakuna kalenda ya upandaji ingeweza kunipa, yaani majira ya uwanja wangu mwenyewe.

Nyanya, pilipili na bilinganya zinataka jua la moja kwa moja la saa sita hadi nane kwa siku. Mboga za majani kama spinachi na saladi zinavumilia saa tatu au nne. Ukishajua hilo na una namba za kivuli chako, kupanga inakuwa kazi ya jioni moja. Msimu wa mvua, kwenye tuta la ukutani napanda spinachi. Nyanya naziweka kwenye ndoo za lita 20, shina moja kila ndoo, matundu chini, nazipanga kwenye ile hatua moja ya jua upande wa nyumba, chini ya upenu. Ukuta wa nyumba ukipata jua la asubuhi unatoa joto, mvua haiyapigi majani moja kwa moja, na kufikia saa nne yameshakauka. Machipukizi ya kwapani, yale yanayochomoza kati ya shina na jani, nayavunja yakiwa hayajazidi urefu wa kidole, majani ya chini nayaondoa, na juu ya udongo natandaza majani makavu ili matone yasirushe tope. Ndiyo hizo kilo 11. Mashina manne yamefanya kazi ambayo 14 yalishindwa.

Kipindi cha baridi sina mengi ya kusema. Mimea huenda polepole, maji yanatosha kidogo, giligilani na saladi hupenda na hazikimbilii kutoa maua kama zinavyofanya kwenye joto. Ni wakati mzuri wa kuongeza mboji. Kivuli ndipo kinapokuwa kirefu kuliko wakati wowote, kwa hiyo pima.

Kiangazi ndicho kilichonitesa mara ya pili, na hapa pia nilikosea kwa kujiamini. Nilikuwa na ndoo nyeusi, nimezipanga juu ya saruji. Saruji inameza joto mchana kutwa, ndoo nyeusi nayo inameza, na mizizi imebanwa katikati. Nilikuwa namwagilia asubuhi, saa nane udongo umekauka na kuachana na kingo za ndoo. Kisha nikasafiri siku tatu kwa msiba. Niliporudi nikakuta mashina yamelala, nikayamwagia maji kwa huruma mpaka yakafurika. Yakasimama. Wiki mbili baadaye nyanya zikaanza kuoza matakoni: duara jeusi lililobonyea, gumu kama ngozi ya kiatu, upande wa chini wa tunda, na juu ni nzuri kabisa.

Kila mtu aliniambia niweke maganda ya mayai. Niliweka, na hayakusaidia, kwa sababu maganda huchukua muda mrefu kuoza, na mara nyingi tatizo haliko kwenye udongo. Tunda hukosa kalisiamu, na kalisiamu husafiri na maji kutoka mizizini. Maji yakikatika kisha yakaja kwa kishindo, tunda linalokua linakosa sehemu yake. Dawa ilikuwa kumwagilia kwa kipimo kilekile kila siku, asubuhi mapema, na kufunika udongo. Ndoo nilizipaka rangi nyeupe kwa nje na kuziinua juu ya vipande vya mbao. Matunda yaliyofuata yalitoka safi. Na jambo la kwanza nililopaswa kufanya kabla ya yote hayo? Kutazama kivuli. Wakati wa kiangazi ukuta wangu hautoi kivuli mchana, ndiyo maana nikitaka spinachi lazima niiwekee chandarua juu.

Joto kavu linaleta pia utitiri mwekundu. Ukiona jani lina vidoa vidogo vya njano kama limechomwachomwa na sindano, na nyuma yake kuna utando mwembamba kama wa buibui, usikimbilie dawa. Yapulizie majani maji kwa nguvu, hasa upande wa chini, siku kadhaa mfululizo. Wadudu hawa huchukia unyevu. Fanya hivyo asubuhi ili jani likauke. Unaona tunavyorudi palepale, kwenye jua na kivuli.

Maji yenyewe msiyaache yapotee. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kipande cha paa langu chenye mita 12 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, kinanipa karibu lita 120 kwenye pipa. Fungeni mdomo wa pipa kwa chandarua. Katika joto, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku kama kumi hivi.

Sasa niseme lililo moyoni. Tunadanganyana sana sisi wapenda bustani. Tunaonyeshana beseni lililojaa, hatuonyeshani mfuko wa majani yaliyooza. Matokeo yake ni watu kama msomaji wangu, ambao wanapoteza miche kumi na miwili na kudhani wana mkosi. Na tunanakiliana kalenda. Mtu anauliza, "Mwezi huu tunapanda nini?" na anajibiwa na mtu ambaye hajawahi kuuona uwanja wake, hajui ukuta uko upande gani wala tangi la maji limesimama wapi. Acheni kupanda kwa kalenda ya mwenzenu. Pimeni kivuli chenu. Najua naonekana mkali, lakini nilipoteza mwaka mzima, na hakuna aliyenikalisha chini kuniambia hivi.

Mdogo wangu, fanya hivi. Yale majani yaliyougua usiyatupe kwenye mboji yako. Mboji ya ndoo ndogo ni nadra kufikia joto la kuua vimelea. Yafunge kwenye mfuko, yatoke nje ya bustani. Udongo ule usiurudishie nyanya mara moja, wala viazi, bilinganya au pilipili, hizo zote ni ukoo mmoja. Panda maharage machache hapo, mizizi yake hushirikiana na bakteria kuingiza naitrojeni ardhini. Halafu tafuta chaki na futi, na utoke kesho saa sita mchana. Uniandikie namba utakayoipata, hata kama ni mbaya, na unieleze ukuta umetazama upande gani. Nitakujibu, na safari hii sitachelewa.

Kesho ni tarehe 1. Saa tatu asubuhi na mimi nitakuwa nimeinama pale kwenye saruji. Mwezi uliopita kivuli kilikomea mita 1.1, na ndoo ya nne, ile ya pembeni karibu na bomba, nadhani itabidi niisogeze.