Shangazi, mume wangu hana maono

Shikamoo Shangazi. Ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora, Tanga. Miezi saba iliyopita nilijiunga na biashara ya mtandao ya virutubisho. Kiingilio laki sita, ukileta watu watano unapanda daraja. Mume wangu fundi seremala hana maono. Amekataa kunipa pesa ya daraja la pili, amehamia kulala sebuleni, na mama yake anamtia maneno. Wifi yangu niliyemsaidia kuingia hapokei simu zangu. Hata wenzangu wa kibati, mchezo wetu wa kuchangishana pesa na kupokea kwa zamu, wameanza kuninunia, wivu tu. Zamani nilikuwa nauza achari na visheti kwenye stetasi ya WhatsApp, lakini faida ilikuwa ndogo. Nifanyeje mume aniunge mkono?
Mwenye Ndoto

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulala peke yako. Pole imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale: wenzako wa kibati wamekununia. Wanawake wa kibati hawanuni kwa wivu. Wananuna zamu ya mtu ikifika na pesa haionekani. Hukusema laki sita uliitoa wapi. Kijumbe, yule mkusanya pesa za wenzake, ni wewe, au nakusingizia? Kama nakusingizia niandikie, nitakuomba radhi hapahapa.

Halafu wifi yako. "Ulimsaidia kuingia." Katika wale watano ulioambiwa uwalete, yeye ni mmoja, na kiingilio chake kimekusogeza wewe. Unataka mama mkwe akae kimya wakati binti yake kaliwa na mke wa mwanawe? Mimi ningepiga kelele zaidi yake.

Kiswahili chetu nacho kimewaponza wengi. Mtandao ni intaneti, na mtandao ni watu waliofungana kama matundu ya wavu wa jarife. Wewe umeuziwa hii ya pili kwa jina la ile ya kwanza. Achari yako ndiyo iliyokuwa biashara mtandaoni: mtu wa Dodoma mliyewekeana namba kwenye simu anaona picha, mate yanamjaa, anatuma pesa kwa simu, kopo linapanda basi. Hakuambiwa alete wenzake watano ndipo ale. Sasa vidonge: tangu uanze, makopo mangapi yamenunuliwa na mtu aliyetaka kidonge tu, asiyetafuta daraja? Usinijibu mimi. Chungulia uvunguni.

Sikatai, wapo wanaouza bidhaa mkono kwa mkono wakapata riziki halali, maana faida yao inatoka kwa mlaji. Ikitoka kwenye kiingilio cha anayekuja nyuma yako, hilo kopo ni pambo. Chukua kalamu. Watano walete watano, na hao walete watano. Jumlisha mpaka daraja la tisa, mmeshapita watu milioni 2.4. Mkoa mzima wa Tanga, kuanzia Pangani mpaka Lushoto, pamoja na vichanga vya mgongoni, sensa ya 2022 ilipata kama milioni 2.6. Daraja la kumi mtamwingiza nani, samaki wa Deep Sea?

Mwaka 2009 watu walipanda mbegu, yaani pesa zao, kwenye DECI, mpango ulioahidi kuzizidisha, wakingoja kuvuna, mpaka serikali ilipoifunga. Nao waliwaita waliowakataza watu wasio na maono. Kibati chenu hakijawahi kumdanganya mtu: tuseme mko kumi, kila mmoja anatoa elfu hamsini, zamu yako unapokea laki tano, ileile uliyotoa. Hakizai, lakini hakiibi.

Ila ndoa za siku hizi! Mnalala kitanda kimoja, kila mtu na nywila yake. Mume anajua bei ya mninga mpaka shilingi ya mwisho, hajui mkewe anadaiwa mtaa mzima. Jumamosi semina hotelini, jioni mke anarudi na kumwita baba watoto "mtu wa fikra hasi". Bibi zetu wakiwa na la kusema walivaa kanga yenye maneno, mume akasoma, yakaisha kabla ya chakula cha usiku. Kanga ya shilingi chache, na hakuna aliyelipia kiingilio.

Mwenye maono hapo kwenu ni fundi. Kakataa daraja la pili, hajakufukuza, na hajakutangaza kwa majirani. Mwambie deni lote, kwa tarakimu, leo usiku, kabla hajaambiwa na watu wa kibati. Makopo ambayo hayajafunguliwa mrudishie aliyekuingiza, udai pesa yako kwa maandishi. Ikirudi chochote, anza na wifi, na umpelekee mkononi, mbele ya mama mkwe. Wa kibati waombe muda, uwape tarehe. Desemba embe zimejaa Ngamiani, na yule mteja wa Dodoma bado namba yako anayo.