Makutano ya Reli ya Mezani: Uliza Treni Inafanya Kazi Gani

Malindi hatuna reli, kwa hivyo anayetaka kujenga treni ndogo za mezani huku kwetu hutegemea picha na ramani za zamani. Wengi hukwama hapo. Wanaona njia nyingi zikigawanyika, wanazinakili zote, kisha treni inazunguka tu bila kazi.

Mimi kwanza hutafuta njia ipi ilitangulia. Chukua Nakuru. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu. Miaka ya 1920 ikajengwa nyingine ya kupitia Eldoret, ikafika Kampala 1931, na ile ya Kisumu ikabaki tawi. Mke mkubwa kawekwa uani! Njia hizo haziachani stesheni, huachana magharibi ya mji: moja hushika Njoro na Molo, nyingine hupanda Rongai kuelekea Timboroa. Hapo penyewe hapana mambo mengi. Shughuli iko stesheni, ambako injini hushughulikiwa na mabehewa hupangwa upya kulingana na yaendako. Basi nafasi kubwa ya meza ipe stesheni. Makutano yatosheke na kona.

Swichi, yaani reli zinazosogezwa ili kuigeuzia treni njia, nazo zina siri yake. Wahandisi wa Kiingereza hawakupenda treni ikutane na ncha ya swichi, kwani isipofunga vizuri magurudumu huteleza nje. Kwa hivyo njia ya pembeni ya kuwekea mabehewa mara nyingi ilitengenezwa treni iipite kwanza, kisha irudi kinyumenyume kuingia. Ukiona treni zitokazo upande fulani ndizo zinazoweza kuirudia kinyumenyume, ujue hizo ndizo zilizokuwa na kazi pale. Ukiigeuza ili meza ipendeze, umefuta habari yote.

Urefu punguza bila huruma. Kwa kipimo cha 1:87, kilomita moja ni mita 11 na nusu, na sebule hiyo sijaiona Barani wala Shela, mitaa yetu ya hapa Malindi. Usichoruhusiwa kubadilisha ni nini kinaungana na nini.

Ila kuna kipimo kimoja kisichokubali kupunguzwa: injini. Garratt za daraja la 59, injini kubwa za mvuke zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, zina urefu wa takriban mita 32, yaani karibu sentimita 37 mezani. Njia ya kupishania iimeze hiyo pamoja na mabehewa yake. Na kwa kuwa reli ile ya zamani ina upana wa mita moja, nunua ya milimita 12. Ile ya 16.5 inafaa SGR.

Kabla hujanunua chochote, chora kwenye karatasi, vijiti vya kibiriti viwe mabehewa. Leta treni kutoka Mombasa, acha mabehewa mawili ya Kisumu, iliyobaki iendelee Uganda. Injini ikinaswa bila pa kuyazungukia mabehewa, ongeza njia hapo hapo, penseli ingali mkononi.