Utulivu upo melini, tena kwenye meli kubwa

Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji kama mtu asiyependa makelele anaweza kustarehe ndani ya meli kubwa ya kitalii inayobeba maelfu ya abiria, au ni afadhali atafute meli ndogo. Jibu langu ni kwamba anaweza, tena ukubwa wa meli, ambao ndio unaowatia watu hofu, ndio huo huo unaomwachia pembe za kujitenga, mradi ajue umati unakaa wapi na unahama saa ngapi. Mimi ni mtu wa vitabu na wa kulala mapema, na nimesafiri kwa meli za aina hii mara kadhaa. Ninaandika kwa sababu nawaona watu wengi wakiikosa bahari kwa kuogopa muziki wa bwawani.

Tuanze na hesabu kidogo. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na sitaha 20, yaani ghorofa zake. Huchukua abiria 5,610 kila chumba kikilaliwa na watu wawili, na hadi 7,600 vitanda vyote vikijaa, mbali na wafanyakazi wapatao 2,350. Ukubwa wake unatajwa kuwa tani 248,663, lakini tani hizo hazipimi uzito. Zinapima ujazo wa nafasi yote iliyofunikwa ndani ya meli. Ndiyo maana wasafiri wazoefu huzigawanya kwa idadi ya abiria ili wajue kila mtu ana nafasi kiasi gani. Kwa Icon of the Seas, ukihesabu watu wawili kila chumba, jibu ni kama 44. Kwa Queen Mary 2, yenye tani 149,215 na abiria wanaokaribia 2,700, jibu ni kama 55. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo kunavyokuwa na nafasi zaidi ya kupumua, na hesabu hiyo mtu anaweza kuifanya kwa dakika moja kabla ya kulipa nauli.

Hata hivyo, huo ni wastani, na watu hawajigawi kwa wastani. Siku ya bahari tupu, yaani siku ambayo meli haifiki bandari yoyote, sehemu kubwa ya abiria hukusanyika mahali pachache tu: bwawa kuu, mgahawa wa kujipakulia, kasino, ukumbi wa maonyesho na njia zinazoviunganisha. Huku nje ya hapo kuna mita nyingi za sitaha, kumbi zinazosubiri jioni na vyumba vya mikutano ambavyo havina mtu. Anayesema meli nzima ina kelele mara nyingi amekaa palepale ambapo kelele imepangiwa kuwapo.

Uamuzi mkubwa kuliko yote hufanywa kabla ya kupanda meli, nao ni wa chumba. Wengi hutazama bei na dirisha, wakasahau kuuliza kuna nini juu yao na chini yao. Kila kampuni huchapisha ramani za sitaha zake, na mtu anayethamini usingizi hana budi kuzilinganisha ramani tatu: ya sitaha ya chumba chake, ya iliyo juu yake na ya iliyo chini yake. Chumba kilicho katikati ya sitaha mbili za vyumba vingine ndicho chenye usalama, kwa kuwa walio juu yako wamelala na walio chini yako wamelala. Chumba kilicho moja kwa moja chini ya sitaha ya bwawa hupendwa kwa kuwa karibu na jua na chakula, lakini alfajiri, abiria wakiwa bado vitandani, wahudumu huosha sitaha na kupanga viti vya kulalia. Miguu ya viti hivyo inapoburuzwa, mlio hupita kwenye chuma ukashuka hadi kwenye mto wako wa kulalia: mkwaruzo mrefu, kimya kifupi, mkwaruzo mwingine, kiti baada ya kiti mpaka safu iishe. Aliye chini ya jiko husikia magurudumu ya toroli. Aliye juu ya disko au ukumbi wa maonyesho hasikii wimbo wenyewe, husikia mdundo wake tu, na mdundo usio na wimbo unachosha kuliko wimbo wenyewe.

Ncha mbili za meli nazo zina mambo yake. Kule omo, yaani mbele ya meli, chini karibu na maji, zimefungwa rafadha (panga za kusukumia maji) za pembeni zinazoisukuma meli ubavuni inapofunga gati, na kwa kuwa meli nyingi hufika bandarini asubuhi na mapema, aliyelala katika vyumba vya chini vya omo huamshwa na mngurumo na mtetemo kabla ya jua. Pale ambapo hakuna gati la kutosha na meli inatia nanga nje, mnyororo wa nanga humwamsha yule yule. Kule tezi, yaani nyuma ya meli, mtetemo hutoka kwenye rafadha kuu, hasa meli inapoongeza mwendo au kugeuka. Isitoshe, bahari ikichafuka, kupanda na kushuka kwa meli huwa kukubwa zaidi kwenye ncha hizo, na kulala ubavu huongezeka kadiri unavyopanda sitaha za juu. Meli kubwa zina mapezi ya chini ya maji yanayopunguza mrama huo wa ubavuni, ila hayawezi kuzuia omo lisipande wimbi. Kwa hiyo chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini au za kati, kinatuliza masikio na tumbo kwa wakati mmoja.

Yapo pia mambo madogo ambayo ramani huyaonyesha kwa alama ndogo. Mlango unaounganisha vyumba viwili, hata ukifungwa kwa ufunguo, hupitisha mazungumzo kuliko ukuta. Vyumba vinavyotazamana na lifti hupata mapito ya watu hadi usiku wa manane. Vyumba vya ndani visivyo na dirisha hudharauliwa, lakini kwa usingizi mimi ninavitetea, kwa sababu taa ikizimwa giza lake ni kamili na hakuna roshani ya jirani ya kukuletea vicheko. Kwenye meli za aina ya Oasis of the Seas, ambazo katikati yake ziko wazi hadi angani, kuna roshani zinazotazama ndani: zile za juu ya bustani ya Central Park ni tulivu, ilhali zile zinazotazama upande wa tezi, kwenye Boardwalk, ziko juu ya bembea ya farasi na jukwaa la michezo ya majini. Bei zake zaweza kukaribiana, lakini usiku wake haufanani hata kidogo. Na anayenunua tiketi ya bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inayomchagulia chumba ajue kwamba ameuza haki hii yote.

Nalisisitiza jambo la chumba kwa sababu sheria haimsaidii sana abiria hapa. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lina kanuni ya viwango vya kelele melini iliyoanza kutumika Julai 2014, na kwa meli mpya za tani 10,000 na zaidi inataka kelele ndani ya vyumba vya kulala vya mabaharia isizidi desibeli 55. Ni kanuni njema, na mabaharia wanaistahili, lakini haikuandikwa kwa ajili ya vyumba vya abiria. Abiria anategemea ustadi wa waliounda meli na uchaguzi wake mwenyewe.

Ukishapata chumba, linalofuata ni saa. Umati wa melini una ratiba kuliko umati wa mjini, kwa sababu ratiba hiyo huchapishwa na kusambazwa kila siku. Wengi huisoma ili wajue waende wapi. Mpenda utulivu aisome ili ajue wapi pamebaki patupu. Onyesho kubwa linapoanza, sitaha za nje hupungua watu. Zamu ya kwanza ya chakula cha jioni inapoketi, bwawa linabaki na waogeleaji wachache. Na siku ya bandari, saa ambazo maelfu wameshuka kutembea, meli hugeuka kuwa kitu kingine kabisa: viti vya kivulini viko tupu, mgahawa hauna foleni, na hata lifti inafika ukibonyeza. Mtu aliyekwisha kuiona bandari hiyo, au asiyeona haja ya kuiona, akibaki melini siku hiyo atapata utulivu ambao siku ya bahari tupu ungemgharimu fedha.

Saa ninayoipenda mimi ni ile ya kabla ya kifungua kinywa, kwenye sitaha ya matembezi, ambayo katika meli nyingi ndiyo ile ya mashua za uokoaji. Mbao huwa bado na maji ya kuoshewa, chumvi imeganda kwenye reli ikakwaruza kiganja, na chini unasikia ubavu wa meli ukipasua maji kwa sauti isiyobadilika. Wanaopita ni wazee wawili watatu wa mazoezi, wanaitikia salamu na kuendelea. Kwenye Queen Mary 2 sitaha hiyo inaizunguka meli yote, na mizunguko mitatu inakaribia kilomita 1.8. Katika meli nyingine njia hukatika mbele au nyuma, jambo ambalo tena ramani itakuambia.

Kuhusu mahali, kampuni nyingi zimetenga sehemu za watu wazima bila malipo ya ziada. Kwenye meli za Royal Caribbean kuna Solarium, kwa walio na umri wa miaka 16 na kuendelea. Kwenye meli za Carnival kuna Serenity, kwa walio na miaka 21 na kuendelea. Hizi ni nzuri, ingawa kwa kuwa zinajulikana hujaa mapema siku ya bahari tupu. Ninazipenda zaidi zile zisizotangazwa: chumba cha kuchezea karata, kanisa dogo pale lilipo, ukumbi wa juu wa omo wakati wa mchana ambapo jioni tu ndipo muziki huanza, na maktaba. Ninasikitika kuona maktaba zikipunguzwa kwenye meli mpya mpaka zinabaki rafu moja kando ya njia, na ningependa kampuni zisikie jambo hili kutoka kwa abiria wao. Queen Mary 2 bado ina maktaba yenye maelfu ya vitabu na viti vinavyotazama bahari, na kwa baadhi yetu hiyo peke yake inatosha kuchagulia meli.

Sehemu za kulipia zipo pia. Kampuni ya Norwegian ina The Haven na kampuni ya MSC ina Yacht Club, maeneo yaliyofungwa ndani ya meli, yenye bwawa lake, mgahawa wake na mlango unaofunguliwa kwa kadi. Raha yake ni ya kweli, lakini nauli yake huweza kuzidi mara kadhaa ile ya chumba cha kawaida, na sioni kama mtu mwenye ramani na ratiba mkononi anaihitaji. Kama nina akiba kidogo, ningeilipia sehemu ya joto ya spa, yenye vitanda vya vigae vilivyopashwa moto, kwa sababu mara nyingi pasi zake huuzwa kwa idadi yenye ukomo.

Kwa wale ambao kelele kwao ni mzigo wa kiafya, kama mtoto mwenye usonji au mzee anayeshtuka upesi, ombi langu ni moja: waiandikie kampuni kabla ya safari, waeleze hali yenyewe. Waulize hasa kuhusu zoezi la dharura, ambalo tangu 2015 ni lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Kampuni nyingi sasa huwaruhusu abiria kutazama maelezo kwenye simu au runinga ya chumbani kisha kuripoti kwenye kituo chao cha kukusanyikia kwa muda wao, hivyo kusimama katika msongamano kumepungua sana. King'ora cha milio saba mifupi na mmoja mrefu huenda bado kikasikika, na mtoto aliyeandaliwa hupata mshtuko mdogo kuliko asiyeandaliwa.

Sasa nije kwenye nusu ya pili ya swali lenu, kama meli ndogo ni afadhali. Meli ya abiria mia chache haina foleni wala bwawa lenye mashindano, na hilo ni jambo kubwa. Lakini huenda ikawa na ukumbi mmoja au miwili tu, na mpiga kinanda akianza, au mezani akitokea mtu wa sauti kubwa, huna sitaha kumi nyingine za kuhamia. Bahari ikichafuka, nayo huyumba zaidi. Kwa utulivu peke yake ningepanda kubwa. Yupo mtu mmoja tu ambaye ningempeleka kwenye ndogo bila kusita, naye ni yule anayechoka upesi kutembea, kwa sababu utulivu wa meli ya mita 365 hufuatwa kwa miguu, na aghalabu uko upande wa pili wa meli, mbali na chumba chako.