Kuacha kazi ili uandike hadithi za mapenzi: jibu la fundi cherehani wa Ngamiani

Mdogo wangu uliyeuliza juzi, nimelisoma swali lako mara tatu. Una miaka 24, unauza vifaa vya umeme kwenye duka la mtu huko Mwanza, ukurasa wako wa hadithi una wafuasi elfu kumi na moja, na umepanga kuacha kazi mwisho wa Januari ili 2026 uwe mwaka wa kuandika tu. Ukatuomba sisi tuliotangulia tuseme tulifanyaje na mwaka unaokuja tunaupangaje. Wengi wamekwambia ufuate ndoto yako. Mimi nina banda la cherehani Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na tano naandika mapenzi, kwa hiyo naanza na hesabu.

Anayepanga kuacha kazi Januari hajawahi kuuza hadithi Januari. Wasomaji wetu ni akina mama na wasichana, na mwezi ule pesa yao yote ni ada, madaftari na sare. Mimi mwenyewe Januari nakula kwa sare hizo hizo. Hadithi zinalala kabatini. Halafu inakuja Ramadhani, ambayo mwaka huu unaokuja inaingia wiki ya tatu ya Februari. Huku kwetu watu wanajitoa kwenye kundi langu la WhatsApp, ninakouzia hadithi, mmoja mmoja, tena kwa adabu: "Da'angu nisamehe, tutaonana baada ya Idi." Ukisema Mwanza ni wakristo wengi, fungua kalenda: Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, wiki ile ile. Nchi nzima itafunga kwa pamoja na wewe utakuwa umekaa chumbani na mabusu yako, hayana mnunuzi. Mwezi wangu mzuri kuliko yote, Juni 2023, niliingiza 640,000. Machi 2024, Ramadhani hiyo, niliingiza 38,000. Kodi ya banda haikujua ni Ramadhani.

Na hao elfu kumi na moja usiwahesabu kama wateja. Ukurasa wangu una watu elfu arobaini. Waliowahi kunilipa hata mara moja nimewaandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya nguo, na hawafiki mia tisa.

Nilianza 2010 kwenye gazeti moja la wiki, yale ya mastaa na mapenzi. Nilipeleka hadithi ya sehemu kumi na mbili, imekwisha kabisa, imeandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku mbili. Mhariri akaisoma, akasema nzuri, kasoro yake moja tu: inaisha. Akanilipa shilingi 10,000 kwa sehemu. Ilipopendwa nikaambiwa niivute, nikaivuta. Yule mwanaume wangu nikampeleka Songea kikazi, nikamwangusha na pikipiki, nikampa upofu wa miezi minne, nikamletea pacha ambaye hata mama yao alikuwa hajamtaja. Tukafika sehemu ya 47. Chini ya kila sehemu kulikuwa na namba yangu ya simu, ndivyo magazeti yale yalivyofanya, na siku gazeti likitoka simu haikulala. Nusu walitaka kujua kitakachotokea. Wanaume kadhaa walitaka kujua kama nimeolewa. Waliobaki walinisimulia ndoa zao, kwa meseji ndefu za kulipia, wakati ule meseji ni pesa. Kisha wiki moja ukurasa wangu ukapewa tangazo. Wiki ya pili tangazo tena. Basi, ikawa ndiyo kwaheri. Sehemu ya 47 inaishia mwanamke ameshika kitasa cha mlango, chini imeandikwa "itaendelea". Mpaka leo ameshika kitasa.

Nakuletea hayo kwa sababu ndipo nilipofundwa kazi hii, na nilifundwa nusu. Kumning'iniza msomaji najua. Naweza kukuachia mtu mlangoni, mtu hospitalini, mtu anafungua bahasha. Lakini mfululizo unakulipa kwa kuchelewa. Ni sawa na fundi anayelipwa kila akipima, siyo siku ya kukabidhi gauni. Atapima mpaka mteja azeeke. Nimehesabu wiki hii, nikisubiri umeme urudi: nimeanzisha hadithi 31. Zilizofika mwisho wa kweli, mwisho ambao sikuubandika kwa uchovu, ni nne.

Baada ya gazeti nikafungua blogu, mwaka 2015. Ilikwenda vizuri kwa maana ya kusomwa. Zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, mwenye blogu akatakiwa leseni: milioni moja kwa mwaka, mbali na laki moja ya maombi. Blogu yangu haikuwa imeingiza hata laki mbili tangu izaliwe. Nikaifunga, nikahamia WhatsApp. Wakati ule kundi lilikuwa na ukomo wa watu 256, kwa hiyo nilikuwa na makundi manne, na kila usiku nabandika sehemu moja mara nne huku nikiomba nisikosee, maana kundi moja lilikuwa nyuma kwa siku mbili na wakisikia ya mbele ni vita. Mwaka 2022 ukomo ukapanda 512, kisha 1,024. Nikayaunganisha, na kundi likageuka soko la Mgandini: mmoja anauza dera, mwingine anamtafuta dada wa kazi, mimi naomba nafasi nibandike.

Bei yangu ni 2,000 kwa hadithi nzima, sehemu tatu za mwanzo bure. Zamani nilikuwa natoza kwa sehemu. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 hakuna aliyekubali kutuma mia mbili mia mbili, na kusema kweli walinisaidia, ningeendelea hivyo ningekuwa mkusanya chenji.

Kuhusu wizi umeuliza kwa hasira, na hasira nakupa haki. PDF yako itaibwa. Yangu moja ilinirudia kutoka kwa mteja niliyekuwa namshonea, akanionyesha, "Soma hii, tamu sana," jina la mwandishi limekatwa. Wale wa simulizi za sauti wa YouTube nao wamenisoma mara kadhaa kabla mmoja hajajitokeza kulipa elfu hamsini. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda hata kama hujasajili kitu, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini nani atampeleka mahakamani binti wa Newala kwa kumtumia shoga yake PDF? Mimi nimeamua hivi: anayesoma ya wizi leo ninamwandikia namba yangu katikati ya sura ya tano, ndani ya mazungumzo ya wahusika, ambapo mkataji hafiki. Wanapiga. Wengine wanalipa kwa aibu.

Halafu kuna hawa wapya wanaoandikiwa na akili mnemba. Nimeona moja, msichana wa Mbagala anavua koti la manyoya mlangoni. Mwezi wa kumi na mbili! Hao wasikunyime usingizi bado.

Kitabu cha karatasi nimechapisha kimoja, 2019. Nakala 300, shilingi 1,450,000, pesa ya mchezo wa upatu. Nilikwenda mwenyewe Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi, kufuatilia ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, nikarudi na basi la usiku nimeshika karatasi ile kama cheti cha ndoa. Kisha maduka yakapokea kwa mali kauli, yaani wanakulipa wakishauza, wakikumbuka. Miezi minane zikatoka nakala 118, zaidi ya nusu nimeziuza mimi bandani, mteja akija kuchukua nguo namwekea na kitabu juu. Zilizobaki zilikuwa chini ya kitanda mpaka mchwa wakazigundua. Sijutii. Mama yangu, ambaye miaka ya 80 alikuwa akificha vile vijitabu vya mapenzi vya bei rahisi chini ya godoro ili baba asivione, alikiweka changu sebuleni juu ya televisheni.

Ninachotaka kukueleza hasa kilitokea 2023. Nilikuwa na msomaji, binti wa hapa hapa Tanga, anafanya kazi za ndani Muscat. Dada yake ndiye aliyekuwa ananilipia kwa simu. Kule wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo nikichelewa kubandika mpaka saa tano, kwake ni saa sita usiku na alfajiri anaamka kuandaa watoto wa watu. Hakulalamika. Siku moja akanitumia sauti, anaongea chini chini: "Dada, nipe mwisho. Usiniandikie vizuri, nisimulie tu hivyo hivyo. Jumapili nahamia nyumba nyingine na huko simu hawaruhusu."

Sikuwa nao. Nilikuwa sehemu ya 29, nimemweka yule bwana kizuizini, na sikujua hata kama ana hatia. Ningeweza kubuni chochote kwa dakika tano, ni kazi yangu. Badala yake vidole vikaandika vilivyozoea: "Subiri kidogo mpenzi, utamu unakuja." Nilijibu kama ninavyomjibu kila mtu. Hadithi ile iliisha sehemu ya 52, baada ya miezi miwili. Nikamtumia yote. Tiki moja. Dada yake alihama mtaa mwaka uliofuata na sijui nimuulize nani.

Tangu hapo sianzi hadithi kabla sijaandika ukurasa wa mwisho. Mara ya kwanza ilinichukua wiki tatu kuandika kurasa mbili. Nililia kidogo, siyo kwa uchungu wa hadithi, kwa kuona kwamba mtu niliyejiita mwandishi miaka yote ile hajui watu wake wanaelekea wapi.

Kwa hiyo 2026 yangu ni nyembamba. Mfululizo mmoja tu baada ya Idi, wa kulipia kodi, na mwisho wake tayari upo kwenye daftari. Riwaya moja, maneno elfu sitini, kuanzia Aprili mpaka Septemba, saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili, kabla sijafungua banda. Ni mapenzi ya mjane wa miaka 56 anayeuza samaki Sahare na mstaafu wa reli. Wenzangu kundini walicheka, "Nani atasoma mabibi wakipendana?" Watasoma wale wale walionipigia 2010. Wameolewa, wameachika, wameolewa tena, wengine wana wajukuu, na sisi bado tunawaletea msichana wa chuo na mtoto wa tajiri mwenye gari jeusi.

Muswada ukiisha nitaupeleka kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023. Miaka yote nilijifanya tuzo sizitaki. Wasomi wa chuo wana jina la tunachoandika, fasihi pendwa, na ni jina zuri, ila kwa sauti wanayolitamkia unajua umekalishwa mkekani wenzako wako vitini. Nikawa nasema mimi nina wasomaji, tuzo za nini. Uongo mtupu. Nazitaka. Nataka mwalimu wa sekondari akisome changu mbele ya darasa na asione haya. Kama wewe nawe una tamaa ya namna hiyo, iseme mapema. Mimi ilinikalia kooni miaka kumi na nne ikawa inatoka kama dharau kwa wenzangu.

Sasa kazi yako. Usiache Januari. Mwombe bosi wako akupunguzie siku, hata mbili kwa wiki, na kama ni kuacha, acha baada ya Pasaka ukiwa na hadithi mbili zilizokwisha mkononi na kodi ya miezi sita. Hadithi ambayo haijaisha siyo akiba, ni deni.

Ulimalizia kwa kuuliza kama umwambie mchumba wako kwamba anayeandika ni wewe, maana unatumia jina la kubuni na baadhi ya mambo ni yenu. Mwambie. Mimi sikusema. Mwaka ule wa gazeti mume wangu, yuko bandarini, alinunua mihogo ya kukaanga akafungiwa kwenye ukurasa wangu. Akausoma ugomvi wetu wa friji, neno kwa neno, mpaka tusi. Akaja nyumbani, akaweka mihogo mezani, akalinyoosha lile karatasi la mafuta taratibu kwa kiganja. Nikajua leo ndiyo leo. Akaniuliza, "Huyu bwana wiki ijayo anarudi kwa mkewe, au harudi?"

Nikamwambia sijui, bado sijaandika.