Kabla ya kununua waya wa spika
Kaka, umesema fidla za taarabu zinakuchoma masikio, na unatafuta waya wa spika wa kulainisha sauti. Usimwage pesa huko. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 watosha kwa mita 5. Wa bei ghali hautakusikizisha tofauti ya maana. Ila kagua ncha: hewa ya bahari hapa Mombasa huigeuza shaba kijani. Kata, menya upya, kaza.

Ukali huo mara nyingi ni wa chumba. Vigae chini, kuta tupu, vioo: sauti nyembamba zinagonga na kurudi. Mimi nilitandika zulia zito mbele ya spika, nikatundika mapazia mazito, kisha nikazigeuza spika kidogo zisinielekee masikioni. Fidla ikatulia jioni ile ile. Ikibaki kali, punguza trebo, yaani zile sauti nyembamba.