Kabla Hujachoma Bando: Gemu za Windows Kwenye Linux

Mwaka jana nilishusha gemu ya GB 22 kwa siku tatu. Nilikuwa naamka saa sita usiku bando la usiku linapoanza, naiacha laptopu mezani, na umeme ukikatika namwomba Mungu betri ifike asubuhi. Siku ya tatu nikabonyeza kucheza. Kitufe cha kijani kikawa cha bluu, dirisha jeusi likachungulia sekunde mbili, kisha kijani kikarudi kana kwamba sijagusa kitu. Nikabonyeza tena. Hivyo hivyo. Hata ujumbe wa kosa haukutokea, angalau nipate cha kukitukana.

Nina kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta Mwanga, hapa Kigoma mjini. Laptopu karibu zote ninazowawekea watu Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ni mitumba: prosesa za i5 za kizazi cha tatu au cha nne, RAM GB 8 ukibahatika. Vijana wakizichukua, wiki haiishi wanarudi. "Kaka, Linux yako haichezi gemu." Nami nawauliza: umechoma GB ngapi kabla ya kuja? Maana bando likishaungua halirudi, na mengi yanayoua gemu kwenye Linux unaweza kuyajua kabla hujashusha hata MB moja.

Anza na kadi ya picha. Gemu ya Windows ukiiwasha ndani ya Steam, duka la gemu la kampuni ya Valve, kwenye Linux, inaendeshwa na Proton, programu ambayo Valve waliitoa Agosti 2018 wakiijenga juu ya Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux ulioanza 1993. Ndani ya Proton kuna mkalimani anaitwa DXVK. Gemu inaongea DirectX, lugha ya picha ya Windows, yeye anaigeuza kuwa Vulkan, lugha ya picha inayoeleweka kwenye Linux, kadi inachora. Sasa kama kadi haijui Vulkan sawasawa, mkalimani anaongea na kiziwi. Mimi ndipo nilipoumia hapo.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, weka kifurushi cha vulkan-tools, kisha andika:

vulkaninfo --summary

Soma jina la kifaa. Ukiona llvmpipe peke yake, ujue kadi haifanyi kazi, prosesa ndiyo inayochora kila kitu kwa mkono, na gemu itakwenda kama boti ya makasia dhidi ya upepo wa ziwa. Hapo tatizo ni draiva, programu inayoiendesha kadi, na draiva inarekebishika. Mimi niliiona kadi yangu, Intel HD 4000, ila juu yake kulikuwa na onyo kwamba Vulkan ya kizazi hicho haijakamilika. Nilikuwa nimeliona onyo hilo zamani nikalipuuza. Tangu DXVK 2.0 ilipotoka Novemba 2022, mkalimani huyo anadai Vulkan 1.3, na kadi yangu haifiki huko. GB 22 zile sijazicheza kwenye mashine ile mpaka leo.

Kadi za zamani hazijafa lakini. Gemu za enzi za DirectX 9 unaweza kuzipitisha njia nyingine, ya OpenGL, lugha ya picha ya zamani kuliko Vulkan. Kwenye sifa za gemu, mahali pa kuandika amri za kuwashia, weka:

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Gemu moja ya magari iliyogoma kabisa ilifunguka hivyo, tena ikaenda vizuri nilipopunguza ukubwa wa picha. Kosa nililofanya baadaye ni tamaa. Nikaanza kunakili amri ndefu za watu na kuzibandika zote kwenye mstari mmoja, kumbe mojawapo ilikuwa ya wenye kadi za Nvidia. Jioni nzima ikaisha natafuta ugonjwa niliouleta mwenyewe. Badilisha kitu kimoja, jaribu, kikishindikana kifute ndipo uweke kingine.

Pili, ulinzi dhidi ya wezi wa mchezo (anti-cheat). Hapa sina dawa, na mtu akikuuzia dawa usinunue. Kuna gemu za mtandaoni ambazo askari wao, yaani programu hiyo ya ulinzi, lazima akae ndani kabisa ya Windows, na kwenye Linux hana pa kukaa. Valorant haichezeki. Fortnite haichezeki. Na hili ndilo linalowaumiza vijana wa mpira: FIFA 23 na FC zilizofuata (jina jipya la FIFA) hazifunguki, kwa sababu ya askari wa EA, kampuni inayozitengeneza, aliyeanza na hiyo ya 23. Ukitaka za mtandaoni zenye toleo la Linux kabisa, Dota 2 na Counter-Strike 2 zipo. Nyingine, tafuta jina lake kwanza ProtonDB, tovuti ambako wachezaji huandika gemu zinavyowachezea na gemu hupewa medali, na usiridhike na medali ya dhahabu. Shuka chini usome maelezo ya mtu mwenye kadi kama yako.

Tatu ni diski, na hii inawakamata wanaoweka Linux pembeni ya Windows. Mtu ana sehemu ya D yenye nafasi kubwa, anaielekeza Steam huko, gemu inashuka yote, halafu haifunguki. Diski hiyo ni NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows. Proton inatengeneza humo mafolda yake, mengine yana alama ya nukta mbili (:) kwenye jina, kitu ambacho Windows haikikubali. Tena kama Windows ilizimwa kwa ile njia ya kuwaka haraka (Fast Startup), Linux inaweza kukataa kuandika chochote humo. Gemu za Proton zikae kwenye sehemu ya ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux. Punguza filamu, upate nafasi.

Ukishapita hapo na bado gemu inafunguka na kufunga, andika PROTON_LOG=1 %command% mahali pale pale, iwashe mara moja, kisha nenda kwenye folda yako ya nyumbani. Utakuta faili linaloanza na steam- likifuatiwa na namba ya gemu. Ni refu, linatisha, usilisome lote. Nenda mwisho, panda juu taratibu ukitafuta neno err. Mara nyingi ni faili lililokosekana, na hapo kagua mafaili ya gemu ndani ya Steam, hasa kama umeme ulikatika wakati linashuka.

Kuhusu bando lenyewe: kwenye mipangilio ya upakuaji ya Steam zima utayarishaji wa mapema wa sheda (Shader Pre-Caching), vile vijiprogramu vya kuchorea picha. Unakula MB kimya kimya. Gemu itashtukashtuka mara za mwanzo, vumilia. Na kama mwenzako wa Gungu au Ujiji anayo gemu tayari, usishushe upya. Nakili folda yake uiweke kwenye steamapps/common, kisha bonyeza kusakinisha. Steam itakagua kilichopo na kushusha kinachopungua tu. Flashi ifomati iwe exFAT. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na mimi nimeshakwenda Ujiji na kurudi na daladala kwa kosa hilo.

La mwisho ni pedi. Dogo mmoja alinijia na pedi ya PS4, amehangaika nayo siku mbili, ameshaweka Linux upya mara moja. "Kaka, haisomi, lakini taa inawaka." Nikamwambia lete waya. Ulikuwa wa kuchaji tu, hauna nyaya za data ndani. Nikachomoa waya wa simu yangu nikampa, pedi ikasoma hapo hapo. Waya hajaurudisha.